Nyayo za simba nyuma ya choo, na mume analala dunguni: tufanye nini?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijiji kimoja mkoani Lindi, upande unaopakana na pori. Juzi alfajiri baada ya mvua nilikuta nyayo kubwa nyuma ya choo chetu. Zimezunguka mpaka jiko la nje, kisha zikateremka bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Wazee wamesema ni za simba. Mume wangu analala dunguni, kibanda cha miti kilichoinuliwa shambani, kila siku kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, na mpunga umeanza kukomaa, hatuwezi kuuacha. Kijijini maneno ni mengi. Wengine wanasema simba huyu si wa Mungu, katumwa, na wameshaanza kumtaja bibi mmoja. Vijana wanataka kutega mzoga wa mbuzi wenye sumu. Wengine wanataka tupige madebe tukamsake wenyewe. Mwanangu wa miaka sita huamka usiku kwenda haja, na sasa akisikia mbwa tu analia. Tufanye nini? Na je, simba akishakuja mara moja lazima atarudi?"*

Marahaba dada yangu, na poleni sana wewe na jirani zako. Kabla sijaeleza lolote, kuna mambo matatu ya kufanya leo hii kabla jua halijazama. Mume wako asilale dunguni peke yake usiku huu. Mtoto asitoke nje gizani kwa haja yoyote, awekewe ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba. Na mtendaji wa kijiji apate taarifa leo, ampigie afisa wanyamapori wa wilaya mbele yenu, muisikie simu ikipokelewa. Hayo yakishafanyika, tunaweza kuzungumza mengine kwa utulivu.

Tuanze na nyayo zenyewe, kwa sababu nimeitwa mara nyingi kwenye nyayo za simba nikakuta za fisi, na mara moja moja nimeitwa kwenye nyayo za mbwa nikakuta za simba. Chuchumaa uutazame unyayo kwa ubavu asubuhi, jua likiwa bado chini. Wa simba mkubwa unakaribia upana wa kiganja cha mtu mzima. Una vidole vinne, na mbele ya vidole hakuna alama ya kucha, maana simba akitembea kucha zake huwa amezirudisha ndani. Fisi na mbwa hawawezi kufanya hivyo, kwa hiyo mbele ya vidole vyao utaona vitobo vidogo kwenye tope. Kisha angalia ukingo wa nyuma wa ile sehemu pana ya unyayo: wa simba una mikunjo mitatu iliyojipanga. Chui naye ana umbo hilo hilo, ila mdogo zaidi. Weka kiberiti kando ya unyayo, upige picha kwa simu ukiwa umesimama juu yake wima. Picha hiyo itamsaidia afisa kuliko maelezo ya dakika kumi.

Tuchukulie ni simba kweli. Kwa nini azunguke choo chako? Wengi hudhani simba anayeingia kijijini amekuja kutafuta watu, au ni mzee asiyeweza tena kuwinda. Kusini mwa nchi yetu habari imekuwa tofauti, na imechunguzwa vizuri. Mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania, walikusanya rekodi za kuanzia 1990 hadi 2004 wakakuta simba wameua watu wasiopungua 563 nchini na kujeruhi zaidi ya 300, na mikoa ya kusini mashariki, Lindi ikiwemo, ndiyo iliyoumia zaidi. Mashambulizi yalipanda msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Na palipokuwa na nguruwe pori wengi ndipo palipokuwa na mashambulizi mengi.

Hapo kwenye nguruwe pori ndipo penye jibu lako. Nyati, pundamilia na nyumbu hawakai kwenye mashamba yetu, wameondoka au wamekwisha. Aliyebaki na kunawiri ni nguruwe pori, kwa sababu tunamlimia chakula, na kwa sababu kwetu Kusini na Pwani wengi hatumli, hivyo hana anayemwinda kwa ajili ya nyama. Mpunga na mahindi vikikomaa, nguruwe hushuka shambani usiku. Simba humfuata. Na binadamu, ili aokoe mazao yake, hujenga dungu la miti na makuti katikati ya njia hiyo hiyo ya nguruwe, akalala humo. Simba aliyekuja kwa ajili ya nguruwe hukuta kiumbe mzito kiasi cha nguruwe, amelala, hana pembe wala meno makali, na anayelala mita moja na nusu tu juu ya ardhi. Huyo simba hahitaji kuwa mzee wala mgonjwa ili ajifunze.

Bonde la Rufiji lilionyesha hivyo kwa uchungu. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 watu wasiopungua 35 waliuawa kule, na simba aliyepigwa risasi mwishoni alikuwa dume kijana. Alikuwa na jipu kubwa chini ya jino la nyuma lililopasuka, na huenda maumivu yalichangia. Lakini jino bovu peke yake halimpeleki simba dunguni. Aliyempeleka bondeni ni nguruwe.

Sasa swali lako la mwisho: lazima atarudi? Hapana, si lazima. Simba wengi hupita tu. Wanatembea mbali kwa usiku mmoja, na njia iliyopita nyuma ya choo chako inaweza kuwa ndiyo fupi ya kwenda bondeni. Kwa maelezo yako alizunguka, akanusa jiko, akateremka kwenye mpunga. Hakukwaruza mlango, hakuvunja banda. Hiyo ni tabia ya simba anayepita akifuata harufu. Ningekuwa na hofu kubwa zaidi kama angerudi nyumba hiyo hiyo usiku wa pili na wa tatu, au angeonekana mchana kweupe karibu na watu bila kukimbia, au angejaribu ukuta wa udongo na paa la makuti. Ukiona mojawapo ya hayo, msisubiri ushauri wa mtu wa mbali kama mimi. Askari wa wanyamapori wanatakiwa wawe pale siku hiyo.

Hata hivyo, simba anayepita leo anaweza kuwa mwenye njaa kesho, na njaa hiyo ina kalenda. Naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu jambo hili nikilieleza mikutanoni watu hushangaa.

Watafiti hao hao walichukua mamia ya mashambulizi yenye tarehe na saa zinazojulikana wakayalinganisha na mwezi. Wakakuta kwamba watu hushambuliwa zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, na saa zenye hatari kubwa ni kuanzia kumi na mbili jioni hadi karibu saa nne kasorobo usiku. Sababu yake inaeleweka. Usiku wa mbalamwezi mawindo humwona simba akiwa mbali, kwa hiyo simba hulala njaa. Mwezi ukishapevuka, kila siku huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika hamsini. Basi linapatikana giza la kwanza, kati ya kuzama kwa jua na kuchomoza kwa mwezi, na simba aliyekaa siku kadhaa na tumbo tupu hulitumia. Giza hilo hilo ndilo sisi tunalolitumia kumalizia kupika, kuoga, kwenda msikitini na kurudi, na kwenda chooni kabla ya kulala.

Wewe huhitaji chombo chochote kulijua. Kwenu kuna wazee wanaohesabu mwezi mwandamo. Tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe ambazo wengine hufunga, mwanga upo tangu jua linapozama. Kuanzia tarehe 16 mpaka 25 ya mwezi mwandamo, hesabu kwamba mko kwenye siku za hatari. Katika siku hizo watu wanaotoka Magharibi wakisubiri Isha wabaki msikitini au warudi kwa kundi wenye tochi, na chakula kiive kabla ya saa kumi na mbili. Simaanishi siku nyingine ni salama. Ila kama nguvu za tahadhari zina kikomo, na kwa mtu anayelima zina kikomo kweli, ziwekeni hapo.

Kuhusu simba wa kutumwa nitasema kwa heshima, kwa kuwa najua imani hii ina mizizi na siitaki kuibeza. Mtu akipoteza mwanawe, kujua kwamba ni nguruwe na giza tu hakumtoshi. Lakini mimi nimewapasua simba waliouawa baada ya kula watu, na ndani nimekuta tumbo la simba na minyoo ya simba. Ng'ambo ya mto Ruvuma, uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu wengi, na juu ya misiba hiyo watu wengine wakauawa na majirani zao kwa kutuhumiwa kutengeneza simba. Simba hawakupungua kwa damu ile. Huyo bibi anayetajwa kwenu yuko hatarini kuliko mtu yeyote kijijini wiki hii, kwa sababu simba anaweza kupita asimguse mtu, lakini uvumi hauondoki hivyo. Nakuomba wewe na mume wako mwende kwa mwenyekiti na kwa imamu au padri wenu mkalitaje jina la hofu hiyo waziwazi, bibi alale nyumba yenye watu, na kama kuna vitisho vya wazi, polisi wajue.

Vijana wenye wazo la sumu nawaelewa pia. Wanataka kuwalinda mama zao. Lakini sumu za wadudu za shambani zikiwekwa kwenye mzoga haziwezi kuchagua. Wa kwanza kuufikia huwa fisi, mbwa wenu na tai, na tai akifa juu ya mti wa kisima sumu imeshafika kwenye maji. Mtoto akimwokota kuku aliyedonoa mzoga huo, mmemwingiza simba nyumbani kwa mlango mwingine. Na ni kosa kisheria. Kule Hamukungu, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, Aprili 2018 simba 11 walikufa kwa sumu, na wanane kati yao walikuwa watoto. Waliokula mzoga ndio waliokufa, awe mkosaji au asiwe.

Madebe yana kazi yake. Kelele za watu wengi jioni, mkiwa karibu na nyumba, humfanya simba anayepita asogee mbali. Kumsaka porini ni jambo jingine kabisa. Simba mchana hujilaza kwenye kichaka au matete ambamo unaweza kupita hatua tano kutoka kwake usimwone. Akizingirwa na watu wenye mapanga, njia yake ya kutokea ni kupitia kwenye mtu mmojawapo. Na akichomwa mkuki akatoroka na jeraha, mmempata simba mbaya kuliko mliyekuwa naye. Msimfuate, na hasa msifuate damu.

Nirudi kwenye dungu, maana huko ndiko riziki yenu iliko na sitaki nikwambie maneno ya mtu anayekula wali wa kununua. Kumwambia mkulima aache mpunga wiki tatu kabla ya kuvuna ni kumwambia akae njaa. Kwa hiyo tuzipime njia.

Iliyo bora kwa usiku mnaohofia ni kutolala shambani kabisa kwa siku chache mpaka askari wafike, mkubali hasara kiasi. Kama hilo haliwezekani, walinzi wakae pamoja: badala ya madungu kumi yenye mtu mmoja mmoja, yawe mawili au matatu yenye watu wanne wanne, wakiangalia kwa zamu, na waende na kurudi jua likiwa juu. Dungu lenyewe ni la kutazamwa upya. Niliwahi kupanda dungu moja bondeni ambalo mwenyewe aliponea chupuchupu. Sakafu ya mianzi ilinifika kifuani, ngazi ilikuwa imeachwa imesimama, na kwenye nguzo ya mbele kulikuwa na mikwaruzo minne mirefu, ganda la mti likining'inia, ikiishia usawa wa pale alipokuwa ameweka kichwa. Alikuwa amelala upande wazi ili apate upepo. Simba akisimama kwa miguu ya nyuma hufika mbali kuliko unavyodhani, na anaruka. Dungu la maana liwe juu sana kuliko urefu wa mtu akinyoosha mkono, liwe na kuta pande zote za miti iliyofungwa kwa kukazana, mlango unaofungwa kwa ndani, na ngazi inayovutwa juu. Hata hivyo sitakudanganya kwamba dungu lolote la miti ni salama kama nyumba.

Dawa ya kudumu ni kupunguza nguruwe. Mtaro wenye kina unaozunguka shamba humzuia nguruwe vizuri, ila kuuchimba kwa mkono ni kazi ngumu, na mtaro wa mkulima mmoja humhamishia nguruwe jirani. Kwa hiyo ni kazi ya bonde zima, ya kiangazi, si ya wiki hii. Upelekeni mpango huo kwenye mkutano wa kijiji baada ya mavuno. Kuwinda nguruwe nako kunahitaji kibali. Mwombeni afisa wanyamapori hilo siku hiyo hiyo atakapokuja kwa ajili ya simba, maana ni nadra kumpata akiwa na gari na askari kijijini.

Nyumbani kazi ni nyepesi zaidi. Fyekeni majani na vichaka kati ya nyumba, choo na jiko, pabaki peupe, simba asipate pa kujibanza. Uwekeni ua wa miti uunganishe choo na nyumba kama mnaweza. Joto likizidi watu hulala barazani au uani. Acheni kwa sasa, hata kama ndani panaoka. Mbwa wakibweka kwa namna ya kurudi nyuma huku wakinyamaza ghafla, msifungue mlango kuangalia. Mifupa, utumbo wa samaki na matumbo ya kuku vifukiwe mbali, kwa sababu huleta fisi na nguruwe, na hao wana wafuasi wao. Moto uani husaidia watu kuona, lakini msiuhesabu kuwa ni ukuta.

Mkikutana naye uso kwa uso, mwili wako wote utakwambia ukimbie. Usikimbie, na usimpe mgongo, maana kukimbia humwamsha simba kama paka anavyoamshwa na uzi unaovutwa. Simama wima, mshike mtoto mbele ya kifua chako asije akakimbia, inua kanga juu kwa mikono miwili uonekane mkubwa, paza sauti nzito, rudi nyuma hatua moja moja ukimtazama. Usichutame wala kuinama kuokota jiwe. Akikushika, pigana kwa chochote ulicho nacho, mpige usoni na machoni. Watu wamepona hivyo. Jeraha, hata likionekana dogo, lioshwe kwa maji mengi na sabuni, damu izuiwe kwa kitambaa safi kilichokandamizwa, kisha kituo cha afya saa hiyo hiyo. Meno ya simba huacha tundu jembamba juu na uchafu mwingi chini, na vidonda hivyo huoza haraka. Majani na dawa za unga zisiwekwe ndani.

Umeniuliza mambo mengi, na moja hukuuliza ila najua litakuja: je, serikali itamuua? Njia zipo tatu na hakuna iliyo safi. Kumfukuza kwa milipuko na gari humrudisha porini, na kwa simba anayepita hutosha mara nyingi. Kumnasa na kumhamisha hupendeza kusikia, lakini simba aliyehamishwa mara nyingi hutembea kurudi au huwaangukia watu wengine, na huko alikopelekwa kuna simba wenye himaya yao. Kumpiga risasi ni haki pale alipokwishaua mtu na akatambulika. Tatizo ni kumtambua, kwa kuwa mara nyingi anayepigwa ni yule aliyeonekana, huku aliyeua akiendelea. Ndiyo maana nyayo na taarifa za kila siku ni muhimu hivi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamruhusu mtu kumuua mnyama akiokoa maisha yake au ya mwenzake, ila atoe taarifa mara moja, na ngozi, kucha na meno ni mali ya serikali. Anayeficha kucha kwa ajili ya hirizi anajitafutia jela. Mazao na mifugo vikiharibiwa kuna kifuta jasho, na mtu akijeruhiwa au kufa kuna kifuta machozi, kwa kanuni za 2011. Fedha hizo hazifikii thamani ya hasara na huchelewa, lakini zisiachwe. Tukio liandikwe ofisi ya kijiji siku ile ile, na picha zipigwe kabla ya kusafisha chochote.

Mtendaji asipopokea simu, mwenyekiti apige moja kwa moja TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, au TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kama mnapakana na hifadhi ya taifa. Kama kijiji chenu kina askari wa wanyamapori wa kijiji, yeye anajua njia. Wakiwauliza habari za simba, semeni idadi ya usiku alioonekana, upande alikotoka na alikokwenda, na kama kuna mtu au mfugo aliyeguswa.

Huyo mdogo wa miaka sita mwambieni ukweli kwa kiasi chake: kuna mnyama amepita, baba leo halali dunguni peke yake, mlango una komeo, ndoo iko hapa. Mwacheni alifunge komeo mwenyewe usiku. Na ule unyayo ulio safi kuliko zote nyuma ya choo, ufunike na beseni uweke jiwe juu, mvua isiufute kabla askari hawajafika.